RB: Mlinzi Aliyepewa Jina la Wizi

Tuseme kuna mlinzi wa mtaa aliyekesha miaka ishirini bila mtu kulijua jina lake. Usiku mmoja akaugua, hakufika lindoni, na duka la pale kona likavunjwa. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Wizi. Ndivyo jeni nyingi za binadamu zilivyopata majina yao: hazikuitwa kwa kazi zinayoifanya kila siku, ziliitwa kwa balaa lililotokea siku zilipokosekana. Jeni ya RB1 ilibatizwa kwa jina la retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo. Protini inayotengenezwa kwa maelekezo yake, RB, ikaingia vitabuni kama kizuia uvimbe, na jeni yake ikawa ya kwanza ya aina hiyo kutengwa maabara.

Jina hilo si la uongo, ila linapotosha. Msomaji hudhani protini hii imewekwa mwilini ikiingoja saratani, mfano wa zimamoto wanaocheza bao huku wakisubiri kengele. Utafiti wa zaidi ya miaka hamsini unaonyesha vingine. Kazi ya RB huanza tumboni mwa mama, kabla mtoto hajawa na jicho la kuugua, na kazi yenyewe ni kuiambia seli: kuzaana basi, sasa kuwa kitu. Saratani ni hasara mojawapo tu pale amri hiyo inapokosa wa kuitoa.

Ni vyema kuanza na ugonjwa wenyewe, maana ndio uliofungua mlango. Retinoblastoma ni adimu: humpata mtoto mmoja kati ya takriban 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, kwa kawaida kabla hajatimiza miaka mitano. Mara nyingi mama huiona kabla ya daktari. Mboni iliyotakiwa kuwa nyeusi inang'aa nyeupe ikipigwa na mwanga, kama jicho la paka gizani, au jicho moja linaanza kengeza. Daktari wa upasuaji wa Scotland, James Wardrop, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1809 na kushauri jicho ling'olewe mapema, wakati ambao hata dawa ya usingizi haijapatikana. Ushauri ulikuwa wa kutisha, na ulikuwa sahihi.

Lililowasumbua madaktari kwa vizazi lilikuwa mwenendo wa ugonjwa ndani ya koo. Watoto wengine waliugua macho yote mawili wangali wachanga, na baba au shangazi zao waliwahi kuugua vilevile. Wengine waliugua jicho moja tu, wakiwa wamekua kidogo, na katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuusikia ugonjwa huo. Ugonjwa ni ule ule, tabia mbili.

Mwaka 1971 daktari wa watoto, Alfred Knudson, akiwa Houston, Texas, alikaa na mafaili ya watoto 48, kalamu na hesabu. Mashine za kusoma jeni hazikuwapo. Alipochora umri wa kila mtoto siku ugonjwa ulipogunduliwa, picha ikajitokeza. Kwa walioumwa macho yote mawili, mchoro ulishuka kwa mstari mnyoofu, kana kwamba tukio moja tu la bahati mbaya lilitosha. Kwa walioumwa jicho moja mstari ulipinda, kana kwamba matukio mawili yalihitajika, moja baada ya jingine.

Ni kama mlango wenye makufuli mawili. Kila mtu hurithi nakala mbili za jeni, moja kwa baba na moja kwa mama, na nakala moja nzima inatosha kuifunga seli. Mtoto aliyerithi nakala moja mbovu amezaliwa kufuli moja likiwa tayari limeachia katika kila seli ya mwili wake. Retina inapojengwa huzalisha seli kwa mamilioni. Inatosha seli moja tu ipoteze kufuli la pili. Mtoto aliyezaliwa na nakala zote mbili nzima hana budi kuzipoteza zote ndani ya seli ile ile, jambo ambalo ni nadra na huchukua muda. Knudson alikadiria kwamba aliyerithi kasoro hupata kwa wastani vivimbe vitatu. Lakini wastani ni wastani. Mmoja atapata vitano, mwingine kimoja, na kwa kanuni za bahati watu 5 hivi kati ya 100 hawatapata hata kimoja. Hapo fumbo la zamani likateguka: babu aliugua, mjukuu akaugua, na baba aliye katikati alipita na macho yake mazima huku ameibeba kasoro bila kujua.

Uthibitisho ulikuja taratibu. Mwaka 1983 timu ya Webster Cavenee ilionyesha kwamba ndani ya uvimbe wa retinoblastoma nakala nzima ya kromosomu namba 13 hupotea kweli, ikabaki ile mbovu. Mwaka 1986 Stephen Friend, Robert Weinberg na Thaddeus Dryja wakaitenga jeni yenyewe. Ilikuwa kubwa, na maelekezo yake yanatengeneza protini yenye asidi amino 928. Wengi walitarajia protini ya jicho. Walipoitafuta, waliikuta karibu kila mahali: kwenye misuli, ini, ubongo, uboho. Swali likageuka. Kama iko kila mahali, mbona inayougua ni retina?

Kabla ya kulijibu, ni lazima kuelewa mikono ya protini hii hufanya nini. Seli haigawanyiki ghafla. Kwanza inanakili DNA yake yote, na kwa kazi hiyo inahitaji vifaa vingi ambavyo jeni zake hufunguliwa na kundi la protini ziitwazo E2F. RB ina mfuko katikati ya umbo lake, na humo huishika E2F na kuizuia. Ghala linabaki limefungwa. Ishara ya kukua ikija kutoka nje ya seli, vimeng'enya viwili ndugu, CDK4 na CDK6, vikisaidiwa na protini iitwayo saiklini D, huanza kuipachika RB vipande vya fosfeti. Ina zaidi ya sehemu kumi za kupachikwa. Ikilemewa, inalegeza mkono, E2F inatoka, DNA inanakiliwa na seli inagawanyika. Kazi ikiisha fosfeti huondolewa na RB hurudi zamu. Katika seli yenye afya mzunguko huu hujirudia bila kelele, na kwa seli nyingi za mtu mzima mkono haulegezwi tena kabisa.

Umuhimu wa mkono huo ulifichuliwa na wahalifu wenyewe. Mwaka 1988 watafiti waliokuwa wakichunguza adenovirusi, jamii ya virusi vinavyoleta mafua na macho mekundu, waliona kwamba protini ya kirusi iitwayo E1A hujishikiza kwenye protini moja ya seli ambayo hakuna aliyeijua. Ikaja kubainika kuwa ni RB. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba papiloma, virusi vya HPV ambavyo Harald zur Hausen alikuwa amevihusisha na saratani ya mlango wa kizazi, navyo vina protini, E7, inayoikamata RB, na baadaye ikabainika kwamba huipeleka ikasagwe. Virusi visivyo na undugu vimefikia hila moja: kumwondoa mlinzi huyo huyo.

Kwa nini yeye? Kirusi cha papiloma hakina vifaa vya kutosha vya kunakili DNA yake. Kinategemea vya seli. Na kinakomaa katika tabaka za juu za ngozi laini ya mlango wa kizazi, ambako seli zimekwisha kustaafu. RB imekwisha kuziambia basi. Ghala limefungwa na kirusi kina njaa, kwa hiyo kinamvunja mkono mlinzi ili ghala lifunguliwe. Saratani haikifaidii kirusi hata kidogo. Ni ajali inayotokea miaka mingi baadaye, pale seli iliyovunjiwa mlinzi inapoendelea kugawanyika na kukusanya makosa. E7 haifanyi kazi hiyo peke yake. Mwenziwe E6 huiangamiza p53, protini nyingine ambayo ingeiamuru seli iliyoharibika ijiue.

Seli za HeLa, zilizochukuliwa mwaka 1951 Baltimore kutoka kwa Henrietta Lacks bila ridhaa yake, zina HPV namba 18 na zimekuwa zikizaana maabara tangu siku hiyo. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walizima jeni za E6 na E7 ndani ya seli hizo. RB na p53 ziliamka kwa utaratibu, na seli zilizokuwa zimegawanyika karibu nusu karne zikasimama na kuzeeka. Mlinzi hakuwa amekufa. Alikuwa amefungwa kamba miaka yote hiyo.

Hadithi hii si ya maabara za mbali. Nchini Tanzania wanawake zaidi ya 10,000 hukadiriwa kupata saratani ya mlango wa kizazi kila mwaka, na zaidi ya 6,000 kufariki. Rwanda ilianza chanjo ya HPV kitaifa mwaka 2011, ikitangulia Afrika nzima; Tanzania ikafuata mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Chanjo yenyewe haigusi E7. Inafundisha kinga ya mwili kulitambua ganda la kirusi, ili kisiingie ndani ya seli kabisa, na ndiyo maana hutolewa kwa wasichana wadogo kabla hawajakutana nacho.

Anayedhani RB ni suala la saratani peke yake na aende shambani. Katikati ya miaka ya 1990 wanasayansi waliikuta protini ya ukoo wa RB kwenye mahindi, baadaye kwenye mimea mingi, hata kwenye mwani wa kijani wenye seli moja. Mmea haufi kwa saratani ya kusambaa. Seli zake zimefungwa ukutani, haziendi popote. Hata hivyo unaihitaji RB, na ukinyimwa unashindwa kupanga vizuri lini seli zigawanyike na lini ziwe jani, mzizi au mbegu. Mimea nayo ina wezi wake. Virusi vya jamii ya gemini, jamii vinamotoka virusi vya batobato la muhogo, hukutana na tatizo lile lile la papiloma: seli za jani lililokomaa zimestaafu. Baadhi ya virusi vya jamii hiyo vimeonekana vikiishika RB ya mmea ili kuiamsha seli inakili DNA tena. Muhogo na mwanadamu waliachana zamani mno, lakini mlinzi wao ni wa ukoo mmoja. Ni vigumu kupata ushahidi bora zaidi kwamba protini hii haikuletwa duniani kwa ajili ya saratani.

Mwaka 1992 maabara tatu, kila moja peke yake, ziliwatoa panya jeni hiyo kabisa. Wengi walitarajia kuona vichanga vyenye uvimbe machoni. Hawakuona vichanga. Viinitete vilikufa tumboni kati ya siku ya 13 na ya 15, katika mimba ya wiki tatu hivi. Chembe nyekundu za damu hazikukomaa, na katika mfumo wa neva seli zilizopaswa kutulia ziliendelea kujaribu kugawanyika, kisha zikafa kwa wingi. Panya waliobakiwa na nakala moja waliishi, na walipozeeka wakapata uvimbe, lakini wa tezi ya pituitari chini ya ubongo. Macho yao yalikuwa salama kabisa. Kukosekana kwa jeni iliyopewa jina la jicho hakukumdhuru panya jicho.

Kisha likaja jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Mwaka 2003 timu moja ya Marekani ililitazama kondo la nyuma, kiungo ambacho watafiti wa saratani walikuwa wamezoea kukitupa. Bila RB, seli za kondo zilizidi kuzaana, zikaziba nafasi za kupitisha damu na chakula. Kiinitete kilipopewa kondo lenye RB, ilhali mwili wenyewe bado hauna, kilifika hadi kuzaliwa. Sehemu kubwa ya maafa ya damu na neva yaliyoonekana mwaka 1992 ilikuwa njaa na ukosefu wa hewa kutokana na kondo bovu. Hata hivyo vichanga hao walikufa mara baada ya kuzaliwa, kwa sababu misuli yao haikuwa imejengeka sawasawa.

Msuli ni shule nzuri ya kuielewa RB. Seli changa za msuli hugawanyika, kisha huacha, huungana na kuwa uzi mmoja mrefu wenye viini vingi. Zikishaungana hazirudi nyuma. RB ndiyo inayolinda uamuzi huo. Salamanda, mnyama anayefanana na mjusi mwenye ngozi laini, anaweza kuotesha upya mguu uliokatwa, na mwaka 1997 watafiti wa London walionyesha sehemu ya siri yake: seli za msuli wake zinaweza kuipachika RB fosfeti na kuingia tena katika mzunguko wa kugawanyika. Za panya, katika hali ile ile, hukataa.

Wazo likazuka kwamba labda RB ikizimwa, mwili wa mamalia nao utajirekebisha. Lilijaribiwa kwenye sikio. Seli za vinyweleo zinazopokea sauti ndani ya sikio la mamalia zikifa hazirudi, na ndiyo sababu kelele za kiwandani huacha uziwi wa kudumu. Mwaka 2005 watafiti waliiondoa RB kwenye seli hizo za panya, nazo zikagawanyika na kuzaa nyingine. Shangwe haikudumu. Baada ya muda seli hizo zilikufa na panya wakawa viziwi. Kugawanyika ziliruhusiwa, ila aliyezifundisha kubaki seli za sikio alikuwa ameondoka.

Sasa swali la jicho linaweza kujibiwa, ingawa jibu lilichelewa. Panya wana protini ndugu ya RB, p107, ambayo hushika zamu kwenye retina mwenziwe akikosekana. Zikiondolewa zote mbili, uvimbe unatokea. Kwa binadamu, kazi ya watafiti kama David Cobrinik imeelekeza kidole kwenye seli changa za koni, zile zitakazokuja kuona rangi na mchana. Seli hizo, zikiwa njiani kukomaa, zina kiwango kikubwa cha protini za kusukuma ukuaji, na mfumo wao wa p53 umebanwa. Tabia hizo zinazihudumia vyema mradi RB ipo kuzishikia breki. Ikitoka, ndizo zinazoponyoka, wakati seli nyingine za retina husimama au kufa. Mlinzi ni yule yule nyumba zote, lakini nyumba hii imejengwa kwa makuti na ina moto jikoni.

Mantiki hiyo inaeleza pia yanayowapata walionusurika. Mtoto aliyerithi kasoro akipona macho hubaki na kufuli moja mwili mzima, na akiwa kijana yuko katika hatari kubwa ya saratani ya mifupa, hasa pale mfupa unaporefuka kwa kasi. Mifupa nayo huitegemea RB ili seli zake zikomae. Walipotibiwa kwa mionzi usoni hatari ilizidi, na hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya madaktari, kuanzia miaka ya 1990, kupendelea dawa za kemikali, leza na kugandisha uvimbe.

Kwa watu wazima RB hupotea karibu katika kila saratani ya mapafu ya seli ndogo, ile kali inayoandamana na sigara. Na katika baadhi ya saratani za tezi dume zilizokuwa zikitii dawa za homoni, seli zinazopoteza RB na p53 hubadilika sura: zinaacha kufanana na tezi dume, zinachukua tabia za seli za neva, na dawa inakosa pa kushika. Wanaoiona RB kama breki tu hupata taabu kulieleza jambo hili. Anayeiona kama mtunza utambulisho hashangai.

Breki nayo ina faida zake. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha palbosiklibu kwa saratani ya matiti inayotegemea homoni. Dawa hiyo huvizuia CDK4 na CDK6 visiipachike RB fosfeti, kwa hiyo mkono unabaki umeshika. Ni tiba inayofanya kazi kupitia kwa mlinzi. Uvimbe uliompoteza RB hauisikii, hata ukipewa dozi gani.

Lakini kwa mtoto wa Afrika Mashariki, tofauti kubwa haitokani na molekuli. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2020, uliowahusu watoto 4,351 wa nchi 153 waliogunduliwa na retinoblastoma mwaka 2017, ulikuta kwamba katika nchi tajiri mtoto aliye katikati ya orodha ya umri hugunduliwa akiwa na miezi 14, na katika nchi maskini zaidi miezi 30. Waliokutwa saratani imekwisha kusambaa walikuwa 0.3 kwa mia kule, na karibu 19 kwa mia huku. Uvimbe ni ule ule, makufuli ni yale yale. Kati ya kule na huku kuna nauli, rufaa kutoka zahanati hadi hospitali ya kanda, matone ya macho aliyopewa mtoto kwa miezi mitatu, na familia inayoogopa kukubali jicho ling'olewe, wakati uvimbe ukiwa bado ndani ya jicho upasuaji huo huokoa maisha.

Mtoto mmoja akishagunduliwa, wadogo zake wanaingia kwenye hesabu ya Knudson. Pale kipimo cha jeni kinapopatikana, kasoro ya ukoo hutafutwa kwanza kwa mgonjwa, kisha ndugu wanapimwa tone la damu. Asiye nayo anarudi nyumbani na hahitaji kuchunguzwa tena. Aliye nayo, hata kama alizaliwa juzi, anachunguzwa kila baada ya wiki chache: mboni inatanuliwa kwa dawa, na daktari anaimulika retina pembe hadi pembe akitafuta doa jeupe dogo kuliko punje ya mtama.